Warsha ya grafiti nikiwa safarini: kwa nini herufi zangu zilichuruzika na za mwenzangu hazikuchuruzika?

#1 Tumbawe

Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo ya wale waliowahi kushika kopo la rangi ya kupuliza, kwa sababu jambo hili halijanitoka kichwani tangu nirudi safari.

Mwezi Oktoba nilikuwa Berlin kwa siku chache, na badala ya kushinda kwenye makumbusho nikajiandikisha katika warsha ya grafiti ya wanaoanza. Tulikuwa watu 8, wote wageni. Nusu saa ya kwanza tulikaa tukichora majina yetu kwa penseli, kisha tukaenda kwenye ukuta ulio katika bustani ya Mauerpark, ule ambao mtu anaruhusiwa kuupaka rangi. Mimi nilichagua neno SAFI, kwa kuwa lina herufi 4 na kila herufi ina tabia yake: S ina mipinde, A ina mishazari, F ina mikono miwili, na I ni mstari mmoja tu.

Nilitikisa kopo dakika 2 nzima kama nilivyoelekezwa, huku nikisikia gololi ikigonga ndani. Nikapuliza. S ilianza vizuri, lakini chini ya tumbo lake rangi ikajikusanya, ikawa nene na yenye kung'aa kama asali, ikatulia hapo kwa muda wa pumzi moja, halafu mchirizi ukateremka ukutani hadi usawa wa magoti yangu. A ikachuruzika kwenye makutano ya mishazari. I, herufi niliyodhani haiwezi kumshinda mtu, ilitoa michirizi 3.

Aliyekuwa kuliani kwangu ni mama mmoja ambaye naye hakuwahi kushika kopo maishani. Alipuliza bluu ileile, kwenye ukuta uleule, saa ileile, na herufi zake zikakauka bila chozi hata moja. Mwalimu alinitazama akaniambia, "Unaandika kwa kiganja. Andika kwa bega." Nikajaribu, ikachuruzika tena. Na yule mama alikuwa akiandika kwa kiganja kama mimi, maana nilimtazama kwa makusudi.

Sasa nauliza: tatizo ni mkono, ni kopo, ni ukuta, au ni kitu ambacho mwalimu hakunieleza?

#2 Kalamu_Kavu

Ulisimama karibu mno, mkuu, na hilo ndilo jibu. Anayeanza huogopa kukosea, kwa hiyo husogeza kopo karibu na ukuta kama anayeshika kalamu. Rangi hutoka kwa umbo la koni, na umbali ukizidi maradufu, ileile rangi hutawanyika kwenye eneo kubwa mara 4. Kwa hiyo ukipuliza ukiwa sentimita 5 badala ya 10, unarundika rangi mara 4 pale pale. Lazima itateremka.

#3 Fundi_Rangi

Mimi ni fundi wa rangi za magari, si mchoraji, lakini michirizi ni adui wa kila siku kazini kwangu, kwa hiyo naomba nichangie kwa kirefu kidogo.

Umbali alioutaja #2 ni kweli, ila ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mwendo. Mkono ukisimama huku kidole kimebonyeza, hata kama umbali wako ni sahihi, rangi itajaa. Kanuni tunayomfundisha kijana anayeingia gereji ni kwamba mkono uanze kutembea kabla kidole hakijabonyeza, na kidole kiachie kabla mkono haujasimama. Anayeanza hufanya kinyume chake: anaweka kopo mahali pa kuanzia, anabonyeza, anahakikisha rangi inatoka, kisha ndipo anauvuta mkono. Lile doa la mwanzo tayari limebeba rangi ya mikono miwili, yaani matabaka mawili.

Ndiyo maana nadhani mwalimu wako hakukosea alipotaja bega. Kiganja kina kona. Mtu anayezungusha kiganja huchora upinde mdogo, na mwanzoni na mwishoni mwa upinde kopo linakuwa mbali na ukuta ilhali katikati linakuwa karibu. Bega na kiwiliwili vikitembea pamoja, kopo hubaki sambamba na ukuta, na mwendo unakuwa mmoja. Tumbo la S ni mahali ambapo kila mgeni hupunguza mwendo kwa sababu anafikiria aelekee wapi. Rangi haisubiri umalize kufikiri.

Na jambo la mwisho: ulipiga mikono mingapi? Mkono wa kwanza uwe mwepesi kiasi cha kuona ukuta kwa nyuma, usubiri ufifie mng'ao, ndipo upige wa pili. Anayetaka ijae mara moja huipata michirizi.

#4 Bandarini

Fundi ameeleza vizuri, lakini nyote mmeruka neno Oktoba. Berlin mwezi huo kuna baridi. Rangi hukauka kwa kutoa viyeyusho, na kwenye baridi viyeyusho vinatoka polepole, kwa hiyo rangi inabaki majimaji kwa muda mrefu na uzito wake unaishusha. Kiangazi herufi hizohizo zisingechuruzika.

#5 Mizani

Naomba kurekebisha kidogo #4. Baridi inafanya mambo mawili yanayopingana. Ni kweli kwamba rangi huchelewa kukauka, lakini pia shinikizo la gesi ndani ya kopo hushuka na rangi yenyewe huwa nzito, kwa hiyo kinachotoka ni kidogo zaidi na ambacho ni kizito hakikimbii kwa urahisi. Hasara kubwa ya baridi ni kwamba kopo huanza kutema matone badala ya kutoa ukungu laini. Tone moja kubwa likitua juu ya rangi mbichi linaweza kuanzisha mchirizi. Kwa hiyo baridi inaweza kuhusika, ila si kwa njia iliyoelezwa.

Isitoshe, yule mama alikuwa kwenye baridi hiyohiyo. Maelezo yoyote yatakayotolewa hapa lazima yamwelezee na yeye.

#6 Tumbawe

Shukrani wakuu. Nijibu machache.

Fundi, ninakiri kwamba nilipiga mkono mmoja tu, nikitaka ijae. Umbali sikupima, lakini mwalimu alituambia tuweke upana wa kiganja kilichofunguliwa kati ya kopo na ukuta, nami nilijitahidi. Kuhusu mwendo kwenye mipinde, hoja yako inaelezea S kikamilifu, ila haielezei I. Ile ni mstari ulionyooka, nilishuka nao kwa mwendo mmoja bila kufikiria chochote, na ndiyo iliyochuruzika kuliko zote.

Jambo jingine nililolikumbuka leo nikitazama picha: nozeli yangu, yaani kile kichwa cha kopo kinachobonyezwa ili rangi itoke, ilikuwa na kidoti cha waridi katikati. Ya yule mama haionekani vizuri, lakini haina kidoti hicho.

#7 Kalamu_Kavu

Kesi imekwisha. Kidoti cha waridi mara nyingi ni alama ya nozeli pana, ile ya kujazia rangi kwenye eneo kubwa, nayo hutoa rangi nyingi kwa sekunde moja kuliko nozeli nyembamba ya kuchorea mistari. Ulikuwa ukiandika barua kwa brashi ya kupakia nyumba.

#8 Nuru_ya_Ukuta

Taratibu, ndugu Kalamu_Kavu. Rangi za vidoti hazifanani kwa watengenezaji wote, kwa hiyo kidoti peke yake si ushahidi wa kutosha. Nozeli inatambuliwa kwa kupuliza kwenye karatasi na kutazama upana wa mstari.

Mimi nataka kuutetea mkono wa mleta uzi kwa kuutaja ukuta, kwa sababu hakuna aliyeutazama. Ukuta ule wa Mauerpark ni kipande kilichosalia cha ukuta wa nyuma wa mpaka uliogawanya Berlin, upande wa mashariki. Kabla ya 1989 raia hakuruhusiwa kuuchora. Michoro iliyojulikana duniani wakati ule ilikuwa upande wa magharibi wa ukuta wa mbele. Baada ya mpaka kufunguka ndipo wachoraji wakaupata, na leo unapakwa upya kila siku. Matokeo yake ni kwamba unapopuliza pale hugusi zege. Unagusa ngozi nene ya rangi juu ya rangi, ambayo mahali pengine imebanduka na unaweza kuona matabaka yake yamepangana kama kurasa.

Zege au lipu tupu hunywa rangi. Ngozi ile hainywi chochote, inateleza kama kioo. Na haiko sawasawa: hatua moja kulia unaweza kukuta mahali palipopigwa rangi ya maji kwa rola, ambapo pana ukavu na pananata, na hatua moja kushoto ukakuta rangi ya fedha iliyopulizwa jana. Inawezekana kabisa wewe na yule mama hamkuwa kwenye ukuta mmoja, ingawa mlisimama bega kwa bega.

#9 Bibi_Sanaa

Wanangu, hamjambo. Nina miaka 58 na mwaka jana binti yangu alinipeleka kwenye warsha kama hiyo London, katika handaki la Leake Street lililo chini ya kituo cha treni cha Waterloo. Ni lile ambalo Banksy, mchoraji wa mitaani wa Uingereza, aliandaa tamasha la wachoraji mwaka 2008, na tangu hapo watu wamekuwa wakilichora kwa ruhusa.

Mimi nina matatizo ya viungo vya vidole. Dakika ya kumi kidole changu cha shahada kilikuwa kimekufa ganzi, kikaacha alama ya duara la nozeli kwenye nyama, na nikataka kuacha. Mwalimu akanifungia kopo kwenye kishikio cha plastiki chenye kifyatuo, unakibana kwa vidole vyote 4 kama unavyobana koleo, na kazi ikaendelea. Lakini kabla ya kupewa kishikio, nilipokuwa nikibonyeza kwa udhaifu, rangi ilikuwa ikitoka nyembamba na laini. Nilipopata kishikio nikawa nabana hadi mwisho, na hapo ndipo michirizi ilipoanza.

Kwa hiyo naomba mleta uzi akumbuke: yule mama alikuwa na umri gani, na alikuwa akibonyeza vipi? Nozeli si bomba la kufungua na kufunga tu. Kidole kinaweza kutoa nusu.

#10 Tumbawe

Mama, shikamoo. Umenifumbua macho. Alikuwa mtu mzima, labda miaka 60 na kitu, na alikuwa akipumzisha mkono kila baada ya mstari mmoja. Sikuwahi kulifikiria hilo.

#11 Fundi_Rangi

Bibi_Sanaa amesema jambo ambalo sisi mafundi tunalijua kwenye bunduki ya rangi lakini nilisahau kulipeleka kwenye kopo. Tena kule kupumzika baada ya kila mstari kuna maana mbili: kidole hakichoki, na mstari wa kwanza unapata muda wa kushika kabla wa pili haujaugusa.

#12 Kalamu_Kavu

Mimi nina wasiwasi na warsha zenyewe. Grafiti ilizaliwa New York miaka ya 1970, kwa vijana walioandika majina yao usiku kwenye treni kwa miaka mingi hadi mkono ukakomaa. Mgeni anakuja kwa saa 2, anapewa kopo, anapigwa picha, anaondoka. Kwa muda huo hakuna mkono unaojifunza kitu. Michirizi ya mleta uzi ni matokeo ya haraka ya biashara ile, si ya baridi wala ya ukuta.

#13 Msomaji_wa_Usiku

Kalamu_Kavu, kila uzi unaochangia lazima upitie New York kabla ya kufika unakokwenda. Hata hivyo, nirekebishe historia kwa sababu wageni wanasoma hapa.

Kijana aliyetia saini kwa jina la Cornbread alikuwa akiandika kwenye kuta za Philadelphia tangu mwaka 1967, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa kumvutia msichana aliyeitwa Cynthia. New York ilipata sifa zaidi baada ya gazeti la New York Times kuandika habari za TAKI 183 mwezi Julai 1971. Kijana huyo alikuwa tarishi, akizunguka mji mzima kwa kazi, na nambari 183 ilikuwa ya mtaa alioishi. Nawe umetaja treni: treni ya mwisho iliyochorwa iliondolewa kwenye njia za chini ya ardhi za New York mwezi Mei 1989.

Nikienda mbali zaidi, neno lenyewe linatokana na Kiitaliano, na maana yake ni kukwaruza. Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79, umehifadhi maelfu ya maandishi ya watu wa kawaida yaliyokwaruzwa ukutani. Kwenye lipu za magofu ya Gedi na Kilwa kuna michoro ya majahazi iliyochimbwa kwa ncha kali. Kati ya waliochora pale huenda walikuwamo wasafiri, waliokaa saa 2 wakaondoka. Sioni kwa nini msafiri wa leo asihesabiwe.

#14 Kalamu_Kavu

Kuhusu Philadelphia nakubali, nimekosea. Kuhusu saa 2, bado.

#15 Nuru_ya_Ukuta

Ndugu, mimi nimewahi kusaidia kuendesha warsha kwa wanaoanza, ingawa si huko Berlin, na naomba nipinge kwa heshima. Mtu hatoki na mkono uliokomaa, hilo ni kweli. Lakini kuna mambo ambayo hawezi kuyapata kwa kutazama video hata mwaka mzima. Hawezi kujua kwamba mstari uliopulizwa hauna pingamizi, kwamba hakuna ncha inayogusa kitu, na kwa hiyo mkono unaelea na hauna pa kuegemea. Nimewaona watu wazima wenye hati nzuri kabisa kwenye karatasi wakisimama mbele ya ukuta wakashindwa kuchora duara. Na nimewaona wakicheka kwa mshangao duara la kumi lilipofungika. Hicho ndicho wanachoondoka nacho, nami sikioni kuwa kidogo.

Kinachoniudhi ni warsha ambayo mwalimu anamalizia kazi ya mwanafunzi ili picha ipendeze. Anapita nyuma yake, anakata michirizi kwa rangi ya usuli, anaweka madoa meupe ya mng'ao, na mgeni anaondoka akiamini ameandika yeye. Mwalimu wa Tumbawe aliiacha michirizi ikabaki. Mimi namheshimu kwa hilo.

#16 Pumzi

Samahani kwa kuingia kwa pembeni, lakini hakuna aliyeuliza kama walivaa kinga. Tumbawe, mlipewa barakoa gani?

#17 Tumbawe

Tulipewa glavu, na barakoa zile nyembamba za hospitali. Nilihisi harufu wakati wote, na jioni kichwa kiliniuma kidogo.

#18 Pumzi

Hilo ndilo nililohofia. Barakoa ya hospitali, na hata ile ya vumbi, haizuii mvuke. Ukisikia harufu ya rangi, mvuke unaingia. Kinachotakiwa ni barakoa ya mpira inayoshika uso, yenye vichujio vya mvuke wa kikaboni pamoja na vya chembe. Kwa vipimo vya Ulaya vimeandikwa A2P2 au A2P3, na utavitambua kwa mstari wa kahawia, ambao ni wa mvuke, na mweupe, ambao ni wa chembe. Mwenye ndevu ajue kwamba ndevu zinaacha upenyo pembeni. Nje penye upepo hatari inapungua lakini haiishi, na ndani ya handaki kama lile alilolitaja Bibi_Sanaa ningedai barakoa kamili kabla ya kugusa kopo. Mtu akienda warsha aulize jambo hili kabla ya kuuliza atachora nini.

#19 Bibi_Sanaa

Sisi tulipewa za mpira, mwanangu. Ilinibana pua lakini sikusikia harufu. Asante kwa kulisema wazi.

#20 Mgeni_Kesho

Nimefurahia uzi huu, nami mwezi ujao nitakuwa safarini. Nikipenda rangi za huko, naweza kuyaweka makopo 2 au 3 kwenye sanduku kubwa linaloingia tumboni mwa ndege? Na je, naweza kuendelea kufanya mazoezi kwenye kuta nyingine nikiona tayari zimechorwa?

#21 Bandarini

Nadhani kwenye mkoba wa mkononi ndiyo haramu, kwenye sanduku kubwa haina shida.

#22 Mizani

Hapana, Bandarini, usimpoteze mwenzio. Kopo la rangi ya kupuliza lina gesi inayowaka, kwa kawaida propani na butani au dimetili etha, na kanuni za usafiri wa anga zinakataza makopo ya aina hiyo kwa abiria, mkononi na kwenye mzigo pia. Msamaha uliopo ni wa vitu vya mwilini kama manukato na dawa za nywele, kwa kiasi maalumu. Hata yale yaliyoandikwa kuwa ni ya rangi ya maji mara nyingi husukumwa na gesi inayowaka. Nozeli peke yake, ikiwa imesafishwa, haina gesi na mtu anaweza kuibeba. Makopo yaache kwa mwalimu.

Swali la pili ni zito zaidi. Ukuta uliochorwa si lazima uwe ukuta ulioruhusiwa. Ujerumani, kwa mfano, iliongeza kwenye kifungu cha 303 cha sheria yake ya jinai, mwaka 2005, kwamba kubadilisha mwonekano wa mali ya mtu bila idhini yake ni kosa, hata kama ukuta haukuharibika. Singapore ina sheria ya mwaka 1966 ambayo kwa mwanaume aliyetumia rangi isiyofutika inaweza kumpatia viboko 3 hadi 8, na wageni hawakusamehewa. Warsha inakupa ukuta na idhini yake kwa saa zile tu. Ukitoka pale, idhini haitoki na wewe.

#23 Nuru_ya_Ukuta

Na hata kwenye ukuta halali kuna adabu yake. Usifunike kazi kubwa iliyotimia kwa saini yako ya dakika moja. Usiguse ukuta wa kumbukumbu ya marehemu, hata kama umechakaa. Ukifunika, funika yote, usiache kichwa cha mtu kikichungulia juu ya herufi zako. Mwalimu mzuri huchagua mahali pa kuwapanga wanafunzi kwa kufuata adabu hiyo.

#24 Msomaji_wa_Usiku

Wakati mwingine sheria huwa upande wa mchoraji. Majengo ya 5Pointz, New York, yalichorwa kwa miaka kwa idhini ya mwenyewe, kisha mwaka 2013 akayapaka rangi nyeupe usiku mmoja. Wachoraji walikwenda mahakamani kwa kutumia sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayolinda kazi za sanaa, na mwaka 2018 jaji aliamuru 21 kati yao walipwe jumla ya dola milioni 6.75. Idhini ndiyo iliyowapa mguu wa kusimamia.

#25 Mgeni_Kesho

Nimeelewa, wakuu. Nitabaki na ukuta wa warsha.

#26 Fundi_Rangi

Turudi kwenye michirizi. Tumbawe, I yako inaninyima usingizi. Nina dhana mbili. Ya kwanza, ilikuwa herufi ya mwisho, na kufikia hapo nozeli ilikuwa imeanza kuziba. Ulikuwa ukisafisha kopo kwa kuligeuza juu chini na kupuliza hadi itoke gesi tupu? Nozeli iliyoziba nusu hutema, na matone yake ni kama aliyoyasema Mizani. Ya pili, uliiandika juu ya kitu kibichi.

#27 Kalamu_Kavu

Au kopo lilikuwa jipya na shinikizo lake lilikuwa kubwa kuliko la yule mama.

#28 Mizani

Hilo la kopo jipya sidhani. Gesi iliyomo ndani imegeuzwa kuwa kimiminika, na kadiri inavyotumika nyingine huvukiza kujaza nafasi, kwa hiyo shinikizo halishuki sana hadi karibu na mwisho. Kopo lenye nusu ya rangi husukuma karibu sawa na lililojaa. Ila kuna makopo yanayotengenezwa ya shinikizo dogo na mengine ya shinikizo kubwa, kwa makusudi. Kama makopo yenu yalichanganywa kwenye sanduku moja, basi tumepata dhana nyingine.

#29 Tumbawe

Yalichanganywa. Sanduku moja, kila mtu akijichagulia. Na hatukuambiwa habari ya kugeuza kopo juu chini, au mimi sikusikia.

Fundi, nimezikuza picha zote. Mahali nilipoandika I kuna sehemu yenye mng'ao tofauti, kama kipande cha rangi ya fedha kilichotokeza chini ya kazi ya zamani. S yangu haiko juu ya fedha, na ilichuruzika vilevile.

Nimefanya pia jaribio. Juzi nilinunua kopo moja la bluu na nozeli mbili, pana na nyembamba, nikasimamisha kipande cha katoni na kipande cha bati penye hewa, nikavaa barakoa kama alivyoelekeza Pumzi. Kwenye katoni hakuna kilichochuruzika, hata kwa nozeli pana, hata nilipokwenda polepole kwa makusudi. Kwenye bati, nozeli pana ilichuruzika mara 5 kati ya 6. Nyembamba ilichuruzika mara 2 kati ya 6. Nilipoandika kwa bega nikitembea kwa miguu badala ya kunyoosha mkono tu, nozeli pana ilichuruzika mara 3 kati ya 6. Kwa hiyo kila mmoja wenu amepata kipande.

#30 Nuru_ya_Ukuta

Katoni imekunywa, bati limekataa. Nilisema.

#31 Fundi_Rangi

Na bega limepunguza kutoka 5 hadi 3. Nami nilisema. Lakini hizo 2 za nozeli nyembamba zilitokea wapi, mwanzoni mwa mstari au katikati?

#32 Tumbawe

Zote mbili mwanzoni, pale kidole kilipotangulia mkono.

#33 Bibi_Sanaa

Mwanangu, bado hujajaribu la yule mama. Umebonyeza hadi mwisho mara zote, au siyo?

#34 Tumbawe

Ndiyo, mama, mara zote. Jumamosi nitajaribu kubonyeza nusu kwenye bati lilelile, mara 6 kwa kila nozeli, nikiwa nimefunga kijiti cha sentimita 15 kwenye kopo ili umbali usibadilike. Matokeo nitayaweka hapa.

#35 Bandarini

Fanya alfajiri, pakiwa na baridi, halafu urudie mchana. Na kopo lilale nje usiku huo, lisikae ndani.

#36 Nuru_ya_Ukuta

Na upande mmoja wa bati uupige kwanza rangi ya maji kwa rola, uache ukauke siku nzima. Upande wa pili upulizie rangi ya fedha. Vinginevyo utakuwa unalipima bati, na bati si ukuta wa Mauerpark.